Jicho la Kushoto la Pimbi

Mume wangu anachonga wanyama wa mawe, na tangu anioe hakuna mnyama wake hata mmoja aliyefunguliwa macho nyumbani kwangu. Mwili anauchonga hapa hapa Tanga, uani kwetu, na vumbi lote nalimeza mimi. Masikio, mkia, kucha, vyote anavimaliza hapa. Kisha anawafunga kwenye magunia wakiwa bado vipofu, anawapeleka mlimani kwao, nyuma ya Maramba, kwa mtalaka wake, ili yeye ndiye awafungue macho.

Ndiyo desturi ya huko. Mchongaji hafungui macho ya mnyama aliyemchonga mwenyewe. Wanasema mnyama humng'ang'ania mtu wa kwanza kumwona, na akimwona mchongaji wake hatakubali kuuzwa. Mnunuzi atamchukua, lakini kwa mnunuzi hatakaa: ataanguka kabatini, atavunjika sikio, mwisho atarudishwa. Kwa hiyo kila mchongaji huwa na mtu mmoja wa kumfungulia, mtu anayemwamini kuliko wote, na kwa kawaida huwa mama yake, halafu mke. Mume wangu alifunguliwa wanyama wake na mama yake, na mama alipofariki akafunguliwa na mke. Baadaye akaachana na mke. Macho yakabaki kule kule.

Nilipomuuliza, alinijibu kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari. "Talaka nilimpa yeye, macho sikuyapa."

Ningevumilia kama wangeachana kwa ugomvi. Ugomvi ungenisaidia sana. Lakini nikimbana mume wangu, husema tu kwamba yeye alitaka kuhamia mjini waliko wateja, na mwenzake hakutaka kumwacha mama yake mzee peke yake, basi wakashindwana. Watu walioshindwana namna hiyo mimi siwahesabu kuwa wameachana. Nina jirani ambaye hajapata kuiona nafasi ya kunitonesha kidonda akaipitisha, na kila magunia yakifungwa husimama mlangoni kwangu akasema, "Shoga, mtalaka hatongozwi."

Najua hatongozwi. Hilo halihitaji kuletwa mlangoni kwangu.

Kinachoniuma zaidi ni mkono wangu. Mimi ni mpaka hina. Maharusi wa Ngamiani na Chumbageni hunifuata mimi, na wa Pangani hunitumia gari. Nikishika kijiti cha piko, jani ninalolichora kwenye kiganja cha mtu huwezi kuona lilipoanzia wala lilipoishia. Akina mama wananiachia mabinti zao siku kubwa kuliko zote katika maisha yao, na hakuna aliyewahi kunilalamikia. Mume wangu analala karibu na mkono huo kila usiku, anakula uliyoyapika mkono huo, na asubuhi anafunga gunia na kupeleka macho kwa mwingine.

Wateja nao hawana adabu. Hakuna anayesifu miguu. Wageni wa hoteli za Ushongo wakiletewa mnyama humwinua, wakamtazama usoni, wakaitana, njooni muone macho haya! Mume wangu huinamisha kichwa na kushukuru kwa niaba ya mtu ambaye hayupo. Nimewahi kusimama pale pembeni, nimevaa nguo mpya, mke wa ndoa kabisa, nikasikia sifa zinapita juu ya kichwa changu kuelekea Maramba.

Mwaka huu, Idi ilipopita, nikamuuliza: "Desturi yenu haina njia ya kuyahamisha macho kwa mtu mwingine?"

Akaanza kutafuta patasi iliyokuwa mkononi mwake. Nikajua njia ipo.

Nilimsumbua mpaka akanieleza. Panachongwa mnyama mmoja wa makabidhiano. Jicho la kushoto linafunguliwa na mkono wa zamani, la kulia na mkono mpya. Kisha mtu mzima kuliko wote katika nyumba ya mkono wa zamani anayapapasa yote mawili kwa kidole gumba. Yakiwa sawa, macho yamehama, na mkono wa zamani hautaitwa tena. Yasipokuwa sawa, mambo yanabaki yalivyokuwa, na mnyama yule hauzwi wala haachwi mlimani. Anakwenda nyumbani na aliyeshindwa.

"Chonga," nikamwambia.

Alichonga pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini. Mjini jina hilo tunawatania nalo watu wafupi, lakini alikuwa na sababu yake. Pimbi hana pembe, hana mkia, hana madoa, ni uso mtupu na mwili wa mkate. Jicho likikosewa hakuna pa kulificha. Alimchonga taratibu, kwa jiwe la kijivu lenye mishipa ya kijani, na mimi wakati yeye yuko msikitini nilijifunza kwenye vipande vilivyotupwa uani. Nilichora jicho kwa kalamu, nikalifuata kwa patasi ndogo, nikalisugua kwa msasa. Yalitoka vizuri. Niliyafukia chini ya mwembe asije akayaona kabla ya siku yake.

Siku ya kwenda nilivaa kanga mpya. Nilikuwa nimezunguka maduka ya Barabara ya Ishirini nikisoma maneno mpaka wenye maduka wakachoka na mimi, na niliyoyachagua ni haya: ALIYEPEWA HAPOKONYWI. Niliifunga ile ya juu maneno yawe mgongoni, wazi, mtu akitembea nyuma yangu asome bila kuhangaika.

Muheza tulisimama kununua machungwa ya zawadi. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua yale ya manjano, matamu, ndipo mume wangu akamwambia muuzaji, bila kuulizwa na mtu, "Tuwekee yale ya kijani. Yawe na ukali kidogo." Nyumbani kwangu hatuli machungwa makali. Nikabeba mfuko ule mapajani mpaka Maramba, na kila gari lilipoyumba nikayasikia yanagongana humo ndani.

Mlima ule unajulikana, wanafunzi hupelekwa na walimu wao, watu wa mjini huenda kupiga picha. Kazi ya kwanza ya kila mchongaji huachwa kando ya njia ya kupandia, na mtu akitaka kuacha nyingine ya kumbukumbu haombi ruhusa. Basi unapanda katikati ya wanyama. Nungunungu, chui aliyelala, kima, ngiri, kobe wengi kwa sababu kobe ni rahisi kwa anayeanza. Wengine mvua imeshawala pua, majani yameota mgongoni, lakini macho bado yapo, na kila mmoja anakutazama kwa namna yake. Ilinibidi nikubali hilo hata kama sikupenda.

Mume wangu akanionyesha kobe wake wa kwanza.

"Nani alimfungua?" nikauliza.

"Mama."

Nikamrehemu mama mkwe wangu kwa moyo mmoja. Mbele kidogo palikuwa na kima ameketi, mikono juu ya magoti, kichwa kakiinamisha upande mmoja kama mtu anayengojea umalize kusema. "Huyu nilimwacha hapa mwaka nilioo—" akaanza, kisha akaona uso wangu akaimeza sentensi. Mwaka aliooa. Nikasimama mbele ya kima yule, nikamziba, nikamwambia mume wangu anipige picha. Picha ninayo kwenye simu. Mimi nimetabasamu, na juu ya bega langu kima anachungulia.

Nyumba ya mtalaka iko pale njia inapotulia, kabla mlima haujaanza kuwa mkali tena. Yeye na mama yake walikuwa wamekaa barazani, kwenye mkeka, wanatungojea. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke mzuri, nimchukie. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke mbaya, nimdharau. Alikuwa mwanamke wa kawaida, mnene kidogo, ana pengo upande, amejifunga kanga iliyosuguliwa na vumbi la mawe hata maneno yake yamefutika. Niliikodolea macho kanga ile nijue ilisema nini. Herufi mbili tatu tu zilibaki, na mpaka leo sijui.

Kisha ikaja shida ya salamu. Kanizidi umri, hilo halikuhitaji kuulizwa. Nikimpa shikamoo, nimejiweka chini yake kabla hata sijavua viatu. Nisipompa, mama yake ataniona sikufunzwa kwetu. Njiani nilikuwa nimelipangia: nitamtazama mama peke yake, nitamwamkia mama peke yake. Nikafanya hivyo hivyo. Nikainama, nikamwelekea yule bibi, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili.

Mume wangu akakohoa. Yule mwanamke akapokea machungwa, akalinusa moja, akacheka. "Umekumbuka," akamwambia mume wangu. Kisha akanigeukia. "Karibu, mdogo wangu. Pita ndani uweke mkoba." Nikapita, naye akaja nyuma yangu, na nikamsikia akisoma mgongo wangu taratibu, neno kwa neno. "Aliyepewa... hapokonywi." Akaninyooshea pindo. "Maneno mazuri hayo. Ya kweli kabisa."

Ndipo nikaelewa nimevaa nini. Katika nyumba ile, aliyepewa macho alikuwa yeye. Nilitamani kuivua, lakini ndani sikuwa na nguo ya kutosha.

Tulikunywa chai, ndipo kazi ikaanza pale pale barazani, mbele ya mama na mbele ya njia, kila apitaye aone, kwa kuwa hao si mke na mume tena na mama yake ni mtu wa dini. Wakaweka gunia la mchanga, na pimbi juu ya mchanga. Mume wangu akachuchumaa upande mmoja, akamshika kichwa kwa viganja viwili. Yule mwanamke akakaa upande wa pili. Mimi niliwekewa kigoda, karibu kiasi cha kuona.

Nilidhani atachukua patasi. Alilamba kidole gumba, akasugua mahali jicho litakapokuwa, jiwe likawa jeusi kwa mate, akalitazama likikauka. Akalowesha tena. Kisha akamuuliza mume wangu, "Alikuwa anasikiliza nini huyu, ulipokuwa unamchonga?"

Mume wangu hakushangaa swali. Alifikiri. "Mvua," akasema. "Ilikuwa inakuja, haijafika bado. Upande wa bahari."

Siku hiyo naikumbuka. Nilikuwa pale pale uani, naanua nguo, namfokea aingize magunia yasilowe. Mvua ileile, uani kwangu, na mwanamke aliyekuwa amekaa Maramba ndiye aliyeulizia habari zake. Sijawahi kumuuliza mume wangu mnyama wake anasikiliza nini. Nilikuwa namuuliza atamaliza saa ngapi.

Akaanza kugonga. Vipigo vidogo, vya kuachia nafasi, na kila kipigo mume wangu alivuta pumzi kabla na kuitoa baada. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hawakuzungumza. Hawakutazamana hata mara moja, na ningefurahi kama wangetazamana, ningekuwa na la kusema. Wote wawili walikuwa wanamtazama pimbi. Niliona kwamba wivu niliokuwa nao mjini ulikuwa wa kitoto, wa kuogopa wasije wakashikana mikono. Huu uliokuja pale kwenye kigoda sikuwa nimewahi kuuonja. Jicho likatokea kwenye jiwe, na pimbi akasikia mvua.

"Haya," akasema, akafuta patasi kwa kanga yake, akanipa. "Bismillahi."

Mume wangu akamgeuza pimbi ubavu wa kulia uje kwangu, nikakaa mahali pa yule mwanamke, pakiwa bado na joto lake. Nikainua nyundo. Kabla sijapiga nikamtazama mume wangu, nikitaka anivutie pumzi na mimi. Alikuwa amefumba macho.

Nikapiga. Mkono haukutetemeka, nasema kweli, haukutetemeka hata kidogo. Nililichora jicho la kulia kama nilivyoufundisha mkono wangu uani. Nikalipa ukingo wa juu, nikaupinda mwisho, nikauacha ukachongoka kuelekea sikioni kama ncha ya jani la piko. Nikalisugua likang'aa. Lilikuwa jicho zuri, mtu yeyote angekubali ni zuri. Mume wangu akafumbua yake, akalitazama, akasema, "Umefanya kazi." Nikamgojea aseme jingine.

Yule bibi akajivuta kwenye mkeka, akanyoosha mkono. Akapapasa la kushoto kwa kidole gumba, polepole. Akapapasa la kulia. Akarudi la kushoto. Akatikisa kichwa, akasema, "Upande huu pimbi." Akahamisha kidole. "Upande huu biharusi."

Wapita njia waliosimama kuangalia wakaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka, halafu akakumbuka mimi ni nani, akaacha. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni yule mwanamke. Akanishika bega akasema, "Mdogo wangu, usijali. Njoo tena ukipata nafasi, tukae. Mimi pia mama mkwe alinirudisha mara nyingi." Angecheka ningemsamehe. Nikamjibu, "Ahsante, mimi kwangu nina kazi yangu," nikaingia ndani kuchukua mkoba, na humo ndani nikajifuta uso kwa pindo la kanga ile ile.

Tulipoondoka alitufungia pimbi kwenye gazeti, akampakata mpaka garini mwenyewe, akanikabidhi mimi. Mume wangu njia nzima alizungumza habari za barabara.

Hiyo ilikuwa baada ya Idi. Mume wangu bado anapanda Maramba na magunia yake, nami bado navimeza vumbi na sifa za watu. Pimbi yuko sebuleni, juu ya kabati la televisheni. Amelala kwa urefu, ubavu mmoja unatazama watu, mwingine unatazama ukuta. Siku ya kwanza nilimweka jicho langu likiwa kwa watu, maana nyumba ni yangu. Kesho yake nikamkuta amegeuzwa, jicho la kushoto ndilo linatazama kiti cha mume wangu. Nikamgeuza. Jioni kageuzwa tena. Hatujawahi kulizungumza. Tunazungumza umeme, bei ya nazi, nani kafiwa, na asubuhi nikifagia namgeuza pimbi, na jioni mume wangu akirudi kutoka msikitini anamgeuza pimbi, na wageni wetu wakija nyakati tofauti hudhani tuna wawili.

Juzi mume wangu alikwenda Ushongo kupeleka mzigo, akalala huko. Kesho yake mchana jirani yangu akaja kupakwa hina ya harusi ya mpwa wake. Akajitupa kwenye kiti cha mume wangu, akavua bangili, kisha macho yake yakatua kabatini. Anajua kisa chote, nilimsimulia mwenyewe kwa hasira siku niliyorudi.

"Shoga," akasema, "mbona leo kakaa upande wa mtalaka?"

Nikageuka. Jicho la kushoto lilikuwa linatutazama. Damu ikanipanda, nikafungua kinywa nimtukane mume wangu kwa ujeuri huu, na neno la kwanza lilikuwa limeshatoka nilipokumbuka kwamba tangu jana hayupo. Asubuhi nilifagia peke yangu. Nilifuta vumbi kabatini, nikamshika pimbi kwa mikono miwili, nikamrudisha mahali pake, nikakaa kwenye kiti hicho hicho kunywa chai. Mvua ilikuwa inakuja. Nilikaa nikilitazama jicho lile mpaka chai ikapoa.

Jirani alikuwa ananingojea nimgeuze. Nikachukua kijiti cha hina, nikamwambia anyooshe mkono.